Maji Yalale: Filta Nyeusi au Picha Tisa Ndani ya Moja?

*Maswali ya wasomaji kuhusu upigaji picha. Anajibu fundi wetu wa Malindi, Unguja.*

Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Pangani, napiga picha za harusi na mahafali, lakini moyo wangu uko mtoni. Alfajiri nasimama upande wa mjini na kuelekeza kamera Bweni, ng'ambo ya mto. Nataka maji ya mto yawe kama kioo, na ngalawa zimetulia juu yake. Natumia Canon 5D Mark III niliyoinunua mkononi mwa mtu. Rafiki yangu ananiambia nisipoteze pesa kwa filta ya ND ya stopu 10, maana kamera hii inaweza kuunganisha picha 9 zikawa moja, na matokeo ni yale yale. Mwingine anasema huo ni utoto, bila filta hakuna picha ya muda mrefu. Nimsikilize nani?

Marahaba mwanangu. Rafiki yako wa kwanza yuko karibu na ukweli kuliko wa pili, ila hilo neno lake "yale yale" ndilo litakalokuponza.

Filta ya ND ni kioo cheusi tu, unakivalisha lenzi kama miwani ya jua. Mwanga unaingia kidogo kidogo (kila stopu moja inaupunguza nusu), kwa hiyo shata, yaani pazia la kamera, inaweza kukaa wazi muda mrefu bila picha kuungua kwa mwanga. Kila kinachopita mbele ya lenzi katika muda huo kinaandikwa bila kukatika. Kamera inayounganisha picha 9 inafanya jambo jingine. Inafumba na kufumbua macho mara 9, kisha inachukua wastani wa ilichokiona. Baina ya picha na picha kuna mwanya ambao haukuandikwa. Kujua lini mwanya huo unaonekana na lini hauonekani ndiyo kazi yenyewe.

Maji ya mto na ya bahari ya ndani ya mwamba yana viwimbi vidogo vinavyobadilika kila sekunde. Ukiviangalia mara 9, kila mara viko mahali pengine, na wastani wake ni uso laini. Mwanya haujulikani kabisa. Nimefanya hivyo Jambiani miaka mingi, kwenye mashamba ya mwani, pale vijiti vinapobaki vimechomoza huku maji yakianza kujaa. Kabla jua halijatoka kipimo changu huwa tundu la lenzi f/11, ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga), shata robo sekunde. Picha 9 za namna hiyo zinanipa maji yaliyolala, na sijagusa filta yoyote.

Kuna faida nyingine ambayo hao marafiki zako hawakuitaja, nami naipenda kuliko hata ulaini wa maji. Chengachenga za picha, zile punje za rangi zinazojitokeza vivulini, hazifanani kutoka picha moja hadi nyingine, kwa hiyo wastani unazifuta. Zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 4 zinakuachia nusu, picha 9 zinakuachia theluthi. Vile vivuli vya minazi ya Bweni ambavyo kwa kawaida ukivifungua kwenye kompyuta vinatoka na vumbi la rangi, hapo vinatoka safi.

Sasa tazama juu. Mawingu hayaendi kama viwimbi. Picha 9 za mfululizo zinakwisha ndani ya sekunde chache, na wingu halijasogea hata upana wa kidole. Ukiamua kuziachanisha, moja kila baada ya nusu dakika, wingu litaonekana limepigwa mihuri: kingo tisa zimepangana kama ngazi. Jicho linaukamata uongo huo mara moja. Ukitaka ile michirizi mirefu ya mawingu ya kusi yakikimbilia kaskazini, hakuna hila, nunua kioo.

Lakini usinunue cha stopu 10. Hapa nitasema kwa nguvu, kwa sababu vijana wengi wanakiendea hicho kwanza kwa kuwa ndicho kinachoonyeshwa kwenye video za watu wa Ulaya. Wenzetu kule kaskazini jua lao linazama kwa ulalo, mwanga wa jioni unakaa kaa. Letu linashuka wima kama jiwe. Tangu jua kugusa maji hadi giza kushika ni dakika 20 na kidogo, na alfajiri ni hivyo hivyo kinyume chake. Sasa piga hesabu. Robo sekunde ukiizidisha kwa stopu 10, yaani mara 1,024, unapata sekunde 256: dakika 4 na kitu. Kama umewasha ile kazi ya kamera ya kusafisha chengachenga za picha ndefu, kamera itapiga picha nyingine ya giza kwa muda ule ule, na wewe utasimama dakika 4 nyingine mikono mfukoni. Picha mbili, tatu, na asubuhi imekwisha. Tena mwanga uliopima mwanzo siyo mwanga uliopo mwisho: ulianza na alfajiri, unamaliza na jua usoni, picha imeungua.

Filta ya stopu 6, inayoandikwa ND64, inaigeuza ile robo sekunde kuwa sekunde 16. Hizo zinatosha kwa maji na zinaanza kuyavuta mawingu. Kisha fanya ninachofanya mimi siku hizi: valisha ND64 *na* washa muunganiko wa picha 9. Sekunde 16 mara 9 ni sekunde 144, dakika 2 na zaidi. Mwanya wa sehemu ya sekunde baina ya picha za sekunde 16 hauonekani popote, hata kwenye mawingu. Umepata karibu kila kitu ambacho filta ya stopu 10 ingekupa, pamoja na vivuli safi, na kioo chako siyo cheusi kiasi cha kukuzuia kuona unachokipiga.

Jambo jingine nilijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja wakati wa bamvua nilikuwa pale pale Jambiani, tripodi ndani ya maji ya magoti, nimevalisha kioo cha stopu 10 na kufungua shata dakika 4. Mchanga wa pale ukishaanza kupokea maji huwa laini kama uji. Dakika ya tatu mguu mmoja wa tripodi ulizama, labda upana wa ukucha tu. Vijiti vyote vya mwani vikatoka viwili viwili. Akina mama waliokuwa wamenikubalia kusimama baina ya kamba zao walikwisha kuondoka, maji yalikwisha kujaa, na ilibidi nisubiri mpaka bamvua jingine. Kamera yako ina sehemu kwenye menyu ya kuhifadhi picha zote 9 pamoja na ile iliyounganishwa. Iwashe daima. Tripodi ikizama kwenye picha ya 7, zile 6 za mwanzo ni zako, utaziunganisha nyumbani. (Na tafadhali, popote penye mwani, omba ruhusa kabla ya kuchomeka miguu ya tripodi. Ile kamba unayoikanyaga ni kazi ya mtu.)

Kuhusu mipangilio: menyu itakupa njia nne za kuunganisha. Chagua ya wastani. Kila picha ipime kawaida, kamera yenyewe itagawanya. Ile ya kujumlisha inalundika mwanga juu ya mwanga, na ukiitumia bila kupunguza utapata karatasi nyeupe: kwa picha 2 unapunguza stopu 1, kwa 4 stopu 2, kwa 8 stopu 3. Upigaji wa mfululizo uchague kwenye Drive ya kamera, siyo ule wa ndani ya menyu ya muunganiko, maana huo unahifadhi iliyounganishwa tu. Tumia rimoti, na ukishaipata fokasi zima ile ya kujiendesha. Wala usikimbilie tundu f/22 ili kupata shata ndefu bure. Kwenye tundu dogo kiasi hicho mwanga unapinda, picha nzima inapoteza makali, na kila punje ya vumbi kwenye kihisi cha kamera inajitokeza angani kama doa la wino.

Nimeiacha ngalawa mwisho kwa sababu hiyo itakuumiza moyo. Ngalawa iliyo majini haitulii, iwe kwa filta au kwa picha 9. Filta itaifanya ukungu. Picha 9 zitakupa ngalawa tisa zilizofifia, zimebebana, milingoti yake kama meno ya kitana. Nenda maji yakiwa yanajaa lakini hayajazinyanyua, ngalawa bado zimekalia tope na maji yamezizunguka tu. Muda huo ni mfupi na unahama kila siku, na kalenda yake wanayo wavuvi wa hapo hapo Pangani. Waulize wao. Kivuko nacho kikikatiza kwenda Bweni kitakusumbua kwa namna hiyo hiyo: ndani ya dakika 2 za filta kitayeyuka kabisa au kitaacha ukungu mdogo, ndani ya picha 9 za haraka kitaonekana kila kilipopita. Jambo hili ni la kale kama kamera yenyewe. Mwaka 1838 Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple, Paris, na ilimbidi kuacha kamera wazi kwa dakika kadhaa. Barabara yenye shughuli nyingi ikatoka tupu. Aliyebaki ni bwana mmoja pembeni, aliyesimama mguu juu, inavyoaminika, akisuguliwa viatu. Aliyetulia ndiye aliyeandikwa.

Assalaam alaykum kaka. Naandika kutoka Muscat. Nilipanda kilimani juu ya Mutrah usiku kupiga taa za magari yanayozunguka barabara ya ufukweni. Nilitumia muunganiko wa picha 9 kwa njia ya wastani, kila picha sekunde 2. Taa zimetoka hafifu mno, tena vipande vipande kama kushona kwa sindano kubwa. Nimekosea wapi?

Wa alaykumu salaam kaka. Hukukosea kupiga, umekosea njia ya kuunganisha. Ule mwanya niliomwambia kijana wa Pangani kwamba hauonekani majini, kwenye taa za gari unaonekana waziwazi, kwa sababu taa inachora mstari mmoja mwembamba na mstari ukikatika umekatika. Hafifu je? Gari linakuwa mahali fulani kwenye picha moja tu kati ya 9. Nane zilizobaki zinaona lami ya giza hapo. Wastani unaigawa taa kwa 9, sawa na kuipunguza stopu 3 na zaidi.

Usiku wa Mutrah hauhitaji kitu. Weka ISO 100, tundu f/11, fungua shata sekunde 25 au 30, funga. Mstari utatoka mzima kutoka kona hadi kona. Ikiwa taa za barabarani zinaungua, punguza kwa ND8, stopu 3, basi. Unataka magari mengi zaidi ya yanayopita ndani ya sekunde 30? Hapo washa muunganiko, lakini kwa njia ya mwangaza zaidi, ambayo kwa kila nukta inachagua picha iliyong'aa kuliko zote na haigawi kitu. Kila picha iwe sekunde 30, mianya itapotea ndani ya wingi wa mistari. Njia hiyo ndiyo ya radi na fataki pia.

Na kwa joto la huko kwenu, usiipige kamera picha ndefu mfululizo usiku kucha bila kuipumzisha. Kihisi kikipata moto kinatoa vinukta vyekundu na vya buluu ambavyo havimo angani. Sisi wa Unguja tunavipata mwezi wa Februari na jasho letu, nyinyi wa Muscat mtavipata zaidi.

Fundi, mimi ni mama wa Lamu, napiga picha za mji kwa ajili ya kadi. Nilinunua filta nyeusi sana ya bei nafuu ili nipige ufukwe mchana na wapita njia wapotee. Watu wamepotea kweli, lakini wanawake wawili waliokuwa wamekaa ukutani mabuibui yao yametoka rangi ya zambarau iliyoiva! Nguo ya jirani yao, nyeusi vile vile, imetoka nyeusi. Kamera imeharibika?

Kamera yako nzima, mama. Kioo ndicho kinachodanganya, na umenipa nafasi ya kueleza jambo ambalo wauzaji hawalitaji.

Mwanga wa jua una sehemu tusiyoiona kwa macho, iko nje ya nyekundu. Filta nyeusi za kawaida zinazuia mwanga tunaouona lakini ile sehemu ya siri zinaiacha ipite. Kamera ina kinga yake ndani, nayo kwa siku za kawaida inatosha, maana mwanga wa kawaida ni mwingi unaufunika ule wa siri. Ukishaukata wa kawaida mara elfu moja na ule mwingine ukaachwa, kinga inazidiwa. Vitambaa vingi vyeusi vya nailoni na poliesta rangi yake inaurudisha mwanga huo wa siri kama kioo, na kamera inauandika kuwa wekundu au zambarau. Jirani aliyetoka mweusi bila shaka kavaa kitambaa cha namna nyingine au rangi nyingine. Macho yetu yanaona buibui tatu zinazofanana, jua halikubali.

Kusahihisha rangi ya picha nzima hakutakusaidia: ukiwatoa zambarau wale wawili, bahari na kuta zitageuka kijani. Itabidi uzipake nguo peke yake kwenye kompyuta. Kama utanunua filta nyingine ya stopu nyingi, tafuta iliyoandikwa IRND au yenye maelezo kwamba inazuia mwanga huo. Lakini kwa kadi zako mimi nisingenunua. Muunganiko wa picha 9 hauna kioo chochote mbele ya lenzi, kwa hiyo nyeusi inabaki nyeusi. Washa njia ya wastani, na hapa usipige mfululizo. Piga moja, subiri wapita njia wahame, piga nyingine. Kila mpita njia atakuwa moshi wa sehemu moja kwa tisa, na mbele ya ukuta wa mawe wenye madoadoa hutamwona. Mbele ya ukuta mweupe uliopakwa chokaa jana atabaki kivuli kidogo, basi chagua ukuta.

Na epuka zile filta za kuzungusha zinazobadilika kutoka nyepesi hadi nyeusi, ikiwa lenzi yako ni pana. Ni vioo viwili vinavyopingana, ukivisukuma hadi mwisho vinaweka msalaba mweusi katikati ya anga. Nimeona kadi zimechapwa nao.

Mimi sina kamera, nina iPhone tu. Nipo Bagamoyo. Naweza kuyalaza maji?

Unaweza, na simu yako inafanya kile kile cha picha nyingi juu ya moja. Piga ile picha ya Live, ambayo huhifadhi sekunde moja na nusu kabla na moja na nusu baada ya kubonyeza. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, ukiifungua picha hiyo utakuta kwenye orodha ya athari ile ya muda mrefu. Ichague na simu itachanganya zile sekunde 3. Itakata kingo kidogo, kwa hiyo acha nafasi pembeni. Simu isitikisike: iegemeze kwenye jahazi lililopandishwa mchangani au ukutani, na baada ya kubonyeza hesabu mbili kimoyomoyo kabla hujaiondoa. Kwa mawimbi yanayovunjika miguuni inatosha vizuri. Kwa yale yanayokuja polepole toka mbali sekunde 3 ni chache, sogea karibu na mawe ambako maji yana haraka.